Nyumba ya Agatha Ina Joto

Agatha: Haloo? Ni nani?

Frieda: Ni yule yule uliyemkatia simu sasa hivi.

Agatha: Sijakata, Frieda. Imekatika yenyewe.

Frieda: Imekatika pale pale nilipokuuliza kwa nini hutaki wanawake waje kushona kwako. Mtandao wa huku umekuwa na akili kweli, unajua pa kukatikia.

Agatha: Sijasema sitaki. Nimesema leo haifai.

Frieda: Haifai kwa nini? Kanisani mafundi wa rangi wamejaa, kwa Tina kuna paka wanane—

Agatha: Watano.

Frieda: Watano, wanane, manyoya ni yale yale! Blanketi la kanisa linakwenda mnadani Jumamosi na upande mmoja haujatiwa sindano. Nimeshawaambia wote: saa nane mchana, kwa Agatha Penner. Nimeoka platz mbili, keki za plamu. Mara Tina ananipigia, eti umesema wasije. Yaani mimi hukunipigia, umempigia Tina!

Agatha: Nyumba iko ovyo, mwenzangu.

Frieda: Nyumba yako? Wewe unayepiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo?

Agatha: Na mafua pia. Sitaki kuwaambukiza watu.

Frieda: Kwanza nyumba, sasa mafua. Chagua moja.

Agatha: [anakohoa]

Frieda: Hicho kikohozi umekitengeneza.

Agatha: Kwani lazima iwe kwangu?

Frieda: Lazima, kwa sababu kila mtu amesoma kwamba kwako kuna joto! Nje ni thelathini na moja chini ya sifuri. Wazee wa watu, vidole vinawauma, wanataka mahali pa moto. Na wewe mwenyewe umetuwekea nyota tano kwenye ukurasa wetu wa hita mtandaoni, ukaandika kwa jina lako, na ile picha yako ya maua: “Nyumba yangu ina joto kama mkate uliotoka motoni. Asante Lyndon na mama yake.” Watu arobaini na saba wamependa. Mchungaji ameweka moyo. Leo unawafungia watu mlango? Watasema nini? Watasema hita zetu—

Agatha: Hawatasema chochote.

Frieda: Watasema! Wewe huwajui wanawake wa hapa? Mwaka wa pili huu tangu mume wangu Henry anifie, Agatha. Hizo nyota ndizo zimetushika mkono. Wale mafundi wa hita wa Winnipeg wanapita na magari yao ya rangi ya chungwa, nyota mia tatu wanazo. Siku hizi mtu haulizi jirani, anauliza simu. Ndiyo maana nimemwambia mwanangu Lyndon, usitoke kwenye nyumba ya mtu kabla hajabonyeza nyota. Simama hapo hapo mlangoni na tableti yako, tabasamu—

Agatha: Alisimama.

Frieda: Vizuri.

Agatha: Alisimama sana, maskini. Theluji inaingia, yeye anatabasamu.

Frieda: Ndivyo nilivyomfundisha. Nini hicho kinadondoka?

Agatha: Wapi?

Frieda: Huko kwako. Nasikia tii, tii, tii.

Agatha: Bomba la jikoni.

Frieda: Limeharibika?

Agatha: Hapana.

Frieda: Basi lifunge, tunaongea.

Agatha: Nimeliacha tu.

Frieda: Umeliacha lidondoke.

Agatha: Mm.

Frieda: Agatha. Mtu anaacha bomba lidondoke ili lisigande.

Agatha: Simu inakwaruza, Frieda, sikusikii—

Frieda: Unanisikia. Umevaa nini?

Agatha: Jamani, maswali gani haya? Nguo.

Frieda: Nguo gani?

Agatha: Lile koti la Abram.

Frieda: La kulishia ng'ombe?

Agatha: Ni zito. Ni zuri sana. Marehemu mume wangu alikuwa anajua kununua koti.

Frieda: Ndani ya nyumba?

Agatha: Jikoni nipo sawa. Nimetundika mablanketi milangoni, oveni nimeiwasha nikaiacha wazi, na godoro nimelileta huku huku. Nipo kama sultani.

Frieda: Tangu lini?

Agatha: Si tangu—

Frieda: Tangu lini, Agatha!

Agatha: Jumanne alfajiri. Lakini Jumatatu usiku, Lyndon alipomaliza, hita iliwaka! Usije ukadhani nilidanganya. Ulivyonipigia saa mbili usiku ilikuwa inawaka vizuri, nilikuwa na joto kweli. Ikazima nikiwa nimelala.

Frieda: Leo ni Alhamisi.

Agatha: Najua leo ni lini.

Frieda: Siku tatu. Dakika kumi kwa gari kutoka kwangu. Siku tatu umekaa na koti la ng'ombe hukunyanyua simu?

Agatha: Niseme nini sasa? Nimeshasema nina joto. Watu arobaini na saba, Frieda. Jumatano dukani mke wa mchungaji ananishika mkono, “Mama Penner, wewe na mkate wako wa moto!” Ningemjibu nini? Nikasema, ee, namshukuru Mungu. Nikanunua mishumaa nikatoka.

Frieda: Mishumaa.

Agatha: Inasaidia kidogo.

Frieda: Ungeniambia mimi!

Agatha: Wewe ndiye uliyenisomea maneno.

Frieda: Mimi tena?

Agatha: Sikulaumu. Mimi nilitaka kuandika “Asante, kijana amefanya kazi.” Ukasema hayo ni maneno ya risiti, hayauzi. Ukanisomea yale ya mkate, nikaandika. Yalikuwa mazuri. Sasa yako pale na jina langu. Nikipiga simu kulalamika, mimi ni nani? Ni mwongo, mbele ya kanisa zima, tena na picha ya maua.

Frieda: Haya. Haya, tulia. Acha nifikiri.

Agatha: Usimfokee Lyndon.

Frieda: Nifikiri kwanza, nimesema. Sikiliza. Lyndon yuko kwa akina Toews, anamaliza. Kwako atafika saa sita. Saa nane nyumba imeshapata moto. Unashusha mablanketi, unarudisha godoro, unavua hilo koti. Wanawake wanaingia, wanakula platz, wanashona. Hakuna atakayejua. Si wao, si mchungaji. Imekwisha.

Agatha: Sawa.

Frieda: Hiyo sawa yako ina nini?

Agatha: Haina kitu. Sawa. Asante.

Frieda: Agatha, nakufahamu tangu darasa la kwanza. Sema.

Agatha: Ni Nettie tu.

Frieda: Nettie Sawatzky? Amefanya nini?

Agatha: Aliniuliza Jumatatu hiyo hiyo. Alisoma akanipigia, akasema, “Ni kweli hayo? Maana na mimi yangu inanisumbua.” Nikamwambia kweli, mwite Lyndon. Jumanne mchana Lyndon akaenda.

Frieda: Alikwenda, ndiyo. Nettie akatupa nyota tano kabla Lyndon hajawasha gari. Ameandika “Kijana mwenye adabu.”

Agatha: Jumanne mchana, Frieda. Mimi yangu ilikuwa imeshazima. Nilikuwa nimekaa hapa hapa na koti, najua, na sikumpigia kumwambia subiri.

Frieda: Nettie ana miaka tisini na moja.

Agatha: Na mbili. Mwezi uliopita.

Frieda: Subiri. Lyndon aliweka nini kwako? Kile kidude cha kuwashia? Kipya?

Agatha: Kidogo, cheupe. Alikitoa kwenye boksi jekundu.

Frieda: [kimya]

Agatha: Frieda? Upo?

Frieda: Nipo.

Agatha: Nilidhani imekatika.

Frieda: Maboksi hayo niliyaagiza mimi. Yalikuwa na punguzo. Lyndon akaniambia mama, haya siyajui. Nikamwambia kidude ni kidude. Amevifunga nyumba kumi na moja.

Agatha: Labda vyao vinawaka.

Frieda: Labda. Hakuna aliyelalamika. Wote kumi na mmoja, nyota tano. Nilikuwa nazisoma asubuhi na kahawa, nikajisifu, ona, wiki nzima hakuna hata lalamiko moja. Agatha, ningekupigia jana nikakuuliza hita inaendeleaje, ungenijibu nini?

Agatha: Ningesema inaendelea vizuri, asante.

Frieda: Ndiyo.

Agatha: Si uongo wa ubaya.

Frieda: Najua si wa ubaya! Nyumba kumi na moja nimewasimamishia mwanangu mlangoni mpaka wanisifu, halafu nawashangaa wamenyamaza. Yesu wangu. Uso nitauweka wapi? Mama yangu alikuwa akisifiwa mkate wake anatoka chumbani. Mimi naomba sifa kwa tableti.

Agatha: Biashara ya siku hizi ndivyo ilivyo. Wewe unamlea kijana wako.

Frieda: Usinitetee, utanifanya nilie, na sina muda. Simu yako ina chaji?

Agatha: Kidogo. Baridi inaimaliza haraka.

Frieda: Fungua yale uliyoandika. Usikate, weka sauti ya nje halafu ufungue.

Agatha: Kwa nini?

Frieda: Unayabadilisha. Sasa hivi.

Agatha: Hapana, Frieda, hapana. Lyndon akishatengeneza—

Frieda: Akitengeneza utaandika tena ukitaka. Wale wengine wanakusoma wewe. Wakiona Agatha Penner amesema, na wao watasema. Wakiona mkate watakaa kimya mpaka wagande. Fungua.

Agatha: Utaumbuka.

Frieda: Nimeshaumbuka, sema hawajajua tu. Umefungua?

Agatha: Vidole havisikii... haya, imefunguka. Ninaiona. Kuna kalamu kidogo pembeni.

Frieda: Bonyeza kalamu. Futa yote. Anza na nyota. Moja.

Agatha: Moja siweki.

Frieda: Agatha!

Agatha: Moja ni ya watu wabaya. Nakupa nne.

Frieda: Nne? Umelala jikoni siku tatu!

Agatha: Basi tatu.

Frieda: Huu si mnada. Moja.

Agatha: Lyndon alivua buti mlangoni. Hiyo nyota. Maji ya theluji aliyoingiza akayapangusa mwenyewe, kwa magoti, bila kuambiwa. Hiyo nyingine. Mbili, na siteremki.

Frieda: Na hita?

Agatha: Hita sijaipa kitu.

Frieda: Haya, mbili. Sasa andika.

Agatha: Nisomee.

Frieda: Sikusomei. Andika mwenyewe.

Agatha: Mimi sijui maneno ya—

Frieda: Hayo hayo usiyoyajua. Nimefunga mdomo.

Agatha: [anaandika, bomba linadondoka] Nisome?

Frieda: Soma.

Agatha: “Hita ilizima Jumanne. Sikusema kwa kuona haya. Nettie, nisamehe. Na nyinyi wengine kama yenu imezima, semeni, Frieda hatakasirika.” Nimeweka hivyo hatakasirika. Ni kweli?

Frieda: Ni kweli.

Agatha: Nikibonyeza wataiona wote?

Frieda: Wote. Na wale wa Winnipeg wataiona.

Agatha: Frieda, tukate shauri vizuri. Lyndon naye ataisoma pale, mtoto wa watu—

Frieda: Mtoto wangu. Aliniambia hayajui yale maboksi, nikamnyamazisha kama wewe. Bonyeza.

Agatha: Nimebonyeza.

Frieda: Ngoja... ngoja... imetokea. Naiona. Mbili.

Agatha: Inaonekanaje?

Frieda: Mbaya sana. Haya, sikiliza haraka. Wanawake nawageuza waje kwangu. Wewe jiandae, Lyndon anakupitia kwanza, anakuleta hapa, halafu anarudi kung'oa hiyo takataka. Utalala kwangu. Acha bomba hivyo hivyo, usilifunge.

Agatha: Na fremu ya kushonea blanketi?

Frieda: Lyndon ataibeba. Chukua nguo za kulalia na—

Agatha: Frieda, nisikilize, simu inalia, inazi—

[Imezima. Frieda anapiga namba nyingine. Inaita mara sita.]

Nettie: Haloo? Nani mwenzangu?

Frieda: Nettie, ni Frieda, mama yake Lyndon. Nina jambo la kukuuliza, na tafadhali usinijibu kwa adabu.

Nettie: Frieda! Hujambo, mwanangu? Tupo salama kabisa, tunamshukuru Mungu. Kijana wako alifanya kazi nzuri sana. Subiri kidogo nivue glovu, nishike simu vizuri.

Frieda: Usivue, Nettie. Nakuja.