Mfuko wa Kifuani

MAKHOTSO: Haloo? Nani huyo? Sema kwa nguvu, huku milimani simu inakula maneno!

LIMPHO: Ni mimi, Bibi. Limpho. Shikamoo.

MAKHOTSO: Marahaba, mama yangu! Bado uko Bloemfontein kwenye karakana yenu? Sisi huku theluji imefika dirishani, barabara hata hatujui iko—

LIMPHO: Bibi, nimesoma alichoandika Mamello—

MAKHOTSO: Si huyu hapa! Mhudumu wa afya gani huyu, anakuja kunibadilishia dawa asubuhi, anamaliza uji wangu mchachu. [Anacheka.] Kitendawili!

LIMPHO: Bibi, tafadhali, nina haraka—

MAKHOTSO: Kitendawili, nimesema!

LIMPHO: ...Tega.

MAKHOTSO: Nambeba kifuani kama mwanangu, lakini anayenyonya ni mimi.

LIMPHO: Mfuko wa dripu.

MAKHOTSO: Ulioshonwa na nani? Na mjukuu wangu! Nimemwambia mchungaji, wenzangu wamelazwa wodini, chupa zinaning'inia kwenye chuma. Mimi dripu yangu naivaa. Nafagia nayo, napika nayo, naenda nayo—

LIMPHO: Mamello ameandika mfuko unaisha saa sita mchana.

MAKHOTSO: Eeh. Kengele yake inalia, nasema haya, leo tumeshiba mapema.

LIMPHO: Haupaswi kuisha saa sita, Bibi. Niliutengeneza udondoshe polepole, mchana kutwa na usiku kucha, mpaka Mamello arudi kesho yake.

MAKHOTSO: Basi damu yangu ina kiu.

LIMPHO: Unalowa?

[Mtandao unakwaruza.]

MAKHOTSO: Unasemaje? Sikusikii.

LIMPHO: Nguo za kifuani! Zinalowa?

MAKHOTSO: Aa, kidogo tu. Jasho.

LIMPHO: Jasho kwenye theluji?

MAKHOTSO: Usinifokee, Limpho. Si ulisema wakubwa wako wanangoja waone kama chombo chako kinafaa? Mimi ndiye niende kukuchongea, niseme kinavuja?

LIMPHO: Kwa hiyo ulijua. Tangu lini?

MAKHOTSO: Tangu theluji ianze. Tangu nilipotoa blanketi sandukuni.

LIMPHO: Blanketi... Bibi, blanketi unalifungaje?

MAKHOTSO: Maswali gani haya? Kama kila mwanamke Lesotho hii! Najifunika mabegani, nachoma pini mbele, kifuani. Ile pini ndefu ya marehemu mama. Ulitaka nichome mgongoni?

LIMPHO: Kifuani. Palepale nilipoweka mfuko.

MAKHOTSO: Palepale wapi? Mfuko si uko ndani ya— Mamello. Hebu lete ule wa jana, uko kwenye ndoo. Utie maji. Ubinye.

[Mtandao unakwaruza.]

LIMPHO: Kuna tundu?

MAKHOTSO: Yapo mawili. Pini imeingia huku, imetokea huku.

LIMPHO: Jamani...

MAKHOTSO: Kila asubuhi ananivalisha mpya, na mimi kila asubuhi nautoboa. Hata kuangalia siangalii, mkono unajua wenyewe.

LIMPHO: Niliuweka kifuani ili upate joto lako, dawa isigande. Baridi niliifikiria, Bibi! Nikakupima umevaa gauni, karibu na jiko. Blanketi sikulifikiria. Mimi! Niliyebebwa ndani ya blanketi hilohilo!

MAKHOTSO: Nyamaza, mama. Futa kamasi. Kwani pini ulichoma wewe?

LIMPHO: Ni siku ngapi?

MAKHOTSO: Mamello anasema kumi na nane.

LIMPHO: Daktari alisema dawa isikose hata siku moja. Kidonda cha sukari kikishaingia mfupani... Mguu unaendeleaje?

MAKHOTSO: Umetulia.

LIMPHO: Umetulia vipi?

MAKHOTSO: Hauumi tena. Tangu juzi nalala vizuri.

LIMPHO: Vidole vina rangi gani?

MAKHOTSO: Niulize habari za ng'ombe. Yule mwekundu amezaa, jike, ana doa hapa kwenye—

LIMPHO: Bibi! Vidole!

MAKHOTSO: ...Soksi sijavua. Kuna baridi.

LIMPHO: Mwambie Mamello akuvue. Nilishampigia daktari kabla yako. Helikopta hairuki mpaka theluji ikome. Farasi je?

MAKHOTSO: Siku mbili juu ya farasi? Na huu mguu niuweke wapi, mfukoni?

LIMPHO: Ameshavua?

MAKHOTSO: Anavua. Mbona unakunja uso, Mamello? Ni miguu ya mzee tu, si maua.

LIMPHO: Mwambie akuzibe macho, halafu akubonyeze kidole gumba. Kwa nguvu. Ukihisi, useme.

MAKHOTSO: Michezo ya watoto hii. Haya, ameniziba. Nangoja.

[Kimya.]

LIMPHO: Bibi?

MAKHOTSO: Nangoja bado. Mamello, bonyeza basi, chaji inaniishia, mtoto ana kazi zake!

LIMPHO: Bibi, anasemaje?

MAKHOTSO: Anasema ameshabonyeza.

LIMPHO: Mara ngapi?

MAKHOTSO: Anasema mara tatu.

LIMPHO: Nakuja. Naondoka leo hiihii, nitafika hata kwa—

MAKHOTSO: Utapita wapi? Kaa hapohapo. Una kalamu?

LIMPHO: Bibi, nisamehe—

MAKHOTSO: Nimekuuliza, una kalamu?

LIMPHO: Ninayo.

MAKHOTSO: Andika. Mfuko ushonwe ubavuni, chini ya mkono wa kushoto. Pini haifiki huko. Na mkanda uwe mpana, huu unakata.

LIMPHO: Nitakushonea kesho, Bibi. Kesho asubuhi.

MAKHOTSO: Si wangu, mama. Wa huyo atakayefuata. Na kabla hujamvalisha, mvike kwanza blanketi, umtazame anavyoli—

LIMPHO: Bibi? Haloo? Bibi, nimeandika. Ubavuni. Haloo?