Wasifu wa Bi Vipimo, Aliyewatafutia Mtandao Abiria wa Treni ya Kasi

Ndugu, jamaa na marafiki, mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba namba 14 ya wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana ya injini. Alikuwa kifungua mimba wa fundi wa reli na mshonaji nguo. Baada yake alizaliwa mdogo wake mmoja tu, wa kiume, mkagua tiketi wa treni, ndiye anayewasomea maneno haya. Sauti ikimkwama, mvumilieni.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wa reli kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1992 akahitimu uhandisi wa mawasiliano. Lakini kazi yenyewe aliianza akiwa darasa la tano. Redio ya baba ilikuwa na waya mrefu wa antena, na mpira ukitangazwa alimsimamisha mdogo wake juu ya ndoo iliyofudikizwa, waya mkononi. "Hapo hapo! Usipumue!" Mtoto akijikuna tu, sauti inakwama, baba anafoka. Goli likifungwa nyumba nzima inaruka, isipokuwa huyo mshika waya.

Tarehe 1 Juni 1994 aliajiriwa na kampuni ya simu, kitengo cha vipimo. Wenzake walimwita Bi Vipimo, maana hakukubali neno lisilo na namba. "Unasema simu inakata? Mara ngapi? Wapi? Saa ngapi?" Mdogo wake alimweleza zaidi ya mara kumi kwamba treni ikishika kasi kwenye reli nyoofu baada ya daraja, simu hazifai kitu. Bi Vipimo akaenda na mashine zake, akasimama kando ya reli, akapima. Mtandao tele.

"Mnara hauna shida, bwana mdogo. Simu yako hiyo ndiyo kimeo."

Ijumaa, tarehe 8 Septemba 2017, mzee mmoja wa behewa la tatu alishikwa na maumivu ya moyo kwenye kipande hicho hicho cha reli. Mkagua tiketi alipiga simu kuomba gari la wagonjwa lisubiri stesheni ya mbele. Ikakata. Akapiga tena, ikakata. Mara nne. Treni ilipofika hapakuwa na gari, na mzee alikata roho kwenye benchi la stesheni, kichwa kikiwa mapajani mwa mkagua tiketi. Jioni ile, mbele ya mama yao, alimwambia dada yake, "Wewe na vipimo vyako mmemuua." Tangu siku hiyo mdogo mtu hakumsemesha tena.

Kosa lake Bi Vipimo alilijua kesho yake: alikuwa amepima akiwa amesimama. Mnara hutuma kila mara ishara ambayo simu inaijua tayari. Simu hulinganisha ilichopokea na inachokijua, ikatambua mawimbi yameharibika vipi njiani, kisha ikayasafisha maneno yanayofuata. Kwa mtu aliyetulia, kipimo hicho kinadumu. Kwa aliye ndani ya treni ya kasi, njia imeshabadilika kabla kipimo hakijafaa kitu. Na ukizidisha ishara ovyo, zinakula nafasi ya maneno yenyewe. Alipanda treni ile mara mia mbili na kumi na moja na kompyuta yake mapajani, mpaka yeye na wenzake wakapata mpangilio: anayekwenda kasi atumiwe ishara za karibu karibu, na simu ikisie yanayobadilika katikati yake. Safari nyingi mdogo wake ndiye aliyemkagulia tiketi. Aliitoboa, akapita. Ukaidi nao ni kazi, jamani, tena inachosha.

Ndoa tumeiruka, na shemeji anatutazama. Alifunga ndoa na mfamasia tarehe 12 Desemba 1998. Bibi harusi alichelewa dakika arobaini kwa kuwa alishuka garini kutazama mnara mpya, akaja na tope kwenye pindo la gauni. Mama akashika kichwa. Bwana harusi akacheka, "Nionesheni pa kusaini kabla hajaona mwingine!" Walijaliwa binti na mwana wa kiume.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, mpangilio wake uliwashwa kwenye minara ya reli. Akiwa kitandani hospitali, alimpigia mdogo wake wakati treni iko kwenye kasi ya kilomita 160 kwa saa. Jina la dada lilionekana kwenye kioo. Simu ikalia, ikalia, haikukata. "Pokea basi, kaka, huenda ni mkeo!" abiria mmoja akamtania. Mkagua tiketi alijua vizuri anayepiga, na alijua kwa nini. Aliirudisha mfukoni ikiwa bado inalia.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali, akafika hadi mlango wa wodi. Akamsikia dada yake akicheka na wauguzi. Akajisemea, anacheka, hajambo, nitakuja siku nyingine. Akageuka. Bi Vipimo alifariki Jumanne, tarehe 2 Aprili 2024, saa nne asubuhi.

Juzi shemeji alimpa mkagua tiketi daftari la kazi la marehemu. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili: "Kilomita 160. Imelia sekunde arobaini bila kukatika. Hakupokea. Nimpe muda."

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti, mwana, wajukuu wawili, na mdogo mmoja ambaye siku ile mtandao alikuwa nao, salio alikuwa nalo, na mikono alikuwa nayo miwili. Anaomba radhi mbele yenu wote, kwa sababu kumwomba mwenyewe haiwezekani tena.

Mola ampe dada yetu pumziko jema, lenye utulivu.