Mama Mbegu Amestaafu, Uyoga Unamwulizia

Naomba radhi kwanza. Wasifu huu ulitakiwa utoke kwenye toleo lililopita la jarida letu, na karani amenikumbusha mpaka amechoka. Kila nilipokaa kuandika mtoto aliamka, na alipolala nililala na mimi, kalamu mkononi. Basi nauleta sasa. Mama Mbegu, mkuu wa chumba cha mbegu za uyoga, alistaafu tarehe thelathini ya mwezi uliopita, baada ya kukitumikia kituo chetu kwa miaka thelathini na moja.

Alianza kama mfagiaji wa mabanda ya uyoga. Wakati huo alidhani uyoga ni mboga kama mchicha, akawa anashangaa unaotaje kwenye giza. Aliyekuwa mkuu wa chumba akamweleza, na maelezo yale yale ndiyo aliyotupa sisi wote tuliokuja baadaye. Uyoga si mmea. Hauna ukijani wa kujipikia chakula kwa jua, na tumbo pia hauna. Humwaga vimeng'enya juu ya pumba na maranda, vikayeyusha chakula huko huko nje, kisha nyuzi zake zikafyonza. Alituambia tumfikirie mtu anayemeng'enya chakula kikiwa bado kwenye sahani. Mlinzi wetu akajibu kwamba shemeji yake yuko hivyo hivyo.

Alisisitiza pia kwamba tunachochuma ni tunda tu. Mwili wenyewe umejificha ndani ya mfuko wa pumba na maranda, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, na ukichuma vizuri hujaua kitu. Nyuzi hizo, zikikuzwa kwenye nafaka ndani ya chupa, ndizo tunazoziita mbegu.

Wageni walikuwa wakidhani chumba cha mbegu kina ugomvi, maana humo hakuna anayesema. Mdomo ukifunguka unatoa vijidudu, na hewa yenyewe imejaa vijimbegu vya ukungu visivyoonekana kwa macho, vinavyosubiri chupa iachwe wazi. Kwa hiyo Mama Mbegu alifundisha kwa nyusi. Zikipanda, umeiweka chupa mbali na moto unaoua vijidudu. Zikikutana, rudi ukanawe tena. Tukitoka nje ndipo alipomwaga maneno yote aliyokuwa ameyabana, na kicheko juu yake.

Dereva hatasahau siku aliyoona chumba kile kina ubaridi mzuri, akaficha humo machungwa yake. Moja lilikuwa limeshaota ukungu upande wa chini. Baada ya siku chache safu nzima ya chupa iligeuka kijani. Tulijua ataitwa kila jina. Mama Mbegu akamkalisha mbele ya hadubini aone ule ukungu ulivyojipanga kama vifagio vidogo, akamweleza kwamba ndugu za ukungu huo ndio waliotupatia dawa ya kuua bakteria, na ndugu wengine ndio hamira inayoumua mkate anaoupenda. Halafu akampa ndoo na brashi, asugue rafu zote.

Mifuko iliyokwisha kuzaa hakukubali ichomwe. Aliimwaga kwenye bustani, akisema bila kuvu, yaani ukoo mzima wa uyoga na ukungu, majani na magogo yote yaliyowahi kuanguka yangekuwa yamelala pale pale, na udongo ungekufa njaa. Na jirani zetu wa kitalu cha misonobari walipolalamika kwamba miche yao imedumaa, alikwenda nao kuchota udongo chini ya misonobari mikubwa, wakauchanganya na wa kwao. Kuvu za udongo ule zilishika mizizi, zikaipa miche maji na madini, nayo ikazilipa kwa sukari. Miche hiyo leo inatupa kivuli.

Niliporudi kazini baada ya kujifungua, alisogeza meza yangu karibu na kioo cha dirisha ili nimwone mtoto kule varandani na mdogo wangu. Akaniambia, "Mama mwenye wasiwasi mikono inamtetemeka. Mtazame mwanao, ushibe, halafu fungua chupa."

Sasa chumba kiko kimya hata tukiwa nje. Akina mama wenye mabanda wanapiga simu kuuliza mbegu, na kabla hawajakata wanamwulizia yeye. Ukweli ni kwamba tangu nikabidhiwe chumba, mbegu yenyewe inaniponyoka. Friji liliharibika wiki aliyoondoka, na ile mbegu mama, ambayo mbegu zote huzaliwa kutoka kwake, imebaki na nyuzi zinazotambaa kwa uvivu na mabaka katikati. Mkurugenzi amesema bila mbegu safi kabla ya msimu, chumba kitageuzwa stoo. Nimekataa. Nimemwomba mwezi mmoja, amenipa.

Mama, kwa niaba ya kituo kizima tunakushukuru. Upumzike bila kengele ya asubuhi, miguu ipone, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na siku zako ziwe njema zote.

Sherehe yako nzuri ya kuagwa imepita, ila bado nina mahitaji. Naomba unitumie ile koleo ndefu ya kubania, uliyofunga mpini kwa kitambaa. Hii mpya inanichoma nikiipitisha motoni. Nitumie na neno kuhusu mtama wa kukuzia mbegu, ukishachemka nikaung'ata uweje, maana naung'ata na sijui ninatafuta nini. Halafu, dereva anasema nyuma ya jiko lako kuna ndoo inayochanua uyoga wa mbegu yetu ile ile. Humo nitolee uyoga mmoja mchanga, usiooshwa, uufunge kwenye karatasi, si nailoni. Nitaupasua nichukue nyama ya katikati, ukubwa wa punje ya mchele, na kutoka hapo mbegu mama itaanza upya. Dereva atapita kwako Jumatano asubuhi. Akigeuza kurudi huku, kiti cha mbele hakina mtu.