Mama Maharage na Sifuri ya Kisorya

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima mitambo ya mawasiliano ya kitengo chetu, Bi Euphrasia Mugeta anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi nzima inamfurahia. Rashidi, anayerithi meza yake na ndiye mwandishi wa maneno haya, anafurahi pia, ila nusu nusu.

Bi Euphrasia alianzia Bunda. Watoto wa mtaa wa Nyasura walipomuuliza anapima nini, alipanga mezani punje kumi za mahindi na maharage, akaandika mpangilio huo kwenye karatasi na kuificha mfukoni. Mtoto wa kwanza pekee aliutazama, akamnong'oneza wa pili, wa pili wa tatu, hadi wa mwisho akapanga punje zake. Karatasi ikatolewa, makosa yakahesabiwa. Simu na kompyuta nazo hutuma alama za aina mbili tu, aliwaeleza. Fundi hutuma anachokijua, kisha hukilinganisha na kilichofika. Wakamwita Mama Maharage, na jina likamfuata hadi hapa ofisini Musoma.

Machi mwaka jana tulikuwa tunakabidhi njia ya redio ya kupeleka tahadhari za dhoruba Kisorya, kwa wavuvi na abiria wa kivuko. Rashidi alipima saa nzima, akapata makosa sifuri, akasaini fomu kwa mbwembwe. Mama akachungulia dirishani.

"Rashidi mwanangu, mvua ikinyesha hivi ziwani tunapataga makosa mawili matatu. Hiyo sifuri imetoka wapi?"

Ilikuwa imetoka palepale mezani. Rashidi alisahau kuchomoa kitanzi, waya mfupi unaorudisha ujumbe kwenye kipimo kabla haujatoka nje. Ni kama mtoto wa kwanza kujinong'oneza mwenyewe. Kisorya haikupokea hata alama moja, na watu wangeingia majini wakidhani kimya maana yake ni shwari. Mama hakumsema kwa mkubwa yeyote. Alichana fomu, wakapima upya, wakapata makosa manne, yote ndani ya kiwango.

Julai mosi Rashidi atasaini peke yake. Anaogopa, na haoni haya kusema. Mama amemwachia kitanzi kilekile, amekifunga kitambaa chekundu ili kionekane tangu mlangoni.

Asante, Mama. Migomba yako ya Butiama ikupokee vizuri, na afya isikupungukie. Ukiona wingu zito upande wa ziwa, pumzika tu. Lakini tupigie kidogo, utuulize kama tumechomoa.