Mama Vioo: Miaka Thelathini na Minane ya Ini na Bandama

Marehemu dada yetu, ambaye hospitali nzima ilimjua kama Mama Vioo, aliacha agizo moja tu kuhusu wasifu huu: usiwe na uongo. "Mkinipamba nitaamka," alisema. Basi mdogo wake anayesoma hapa amejitahidi, ingawa yeye ndiye mwenye la kujibu kuliko wote. Atalifikia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bucha ya baba. Tangu ana miaka sita alikuwa akisimama kando ya gogo la kukatia nyama na maswali yake. Ini wateja waliligombania, bandama ikabaki. "Baba, mbona hii ukiikata inavuja damu, na ini linakatika safi?" Baba akajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Hakuridhika hata kidogo. Alichukua wembe wa baba, akaikata bandama vipande vyembamba, akaviinua juani avione vizuri. Kesho yake baba alinyolea wembe huo huo, na yaliyofuata hayafai kusomwa msibani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana hadi 1974. Kidato cha pili walioneshwa hadubini, moja kwa wanafunzi arobaini, kila mmoja nusu dakika. Yeye aling'ang'ania dakika kumi, mpaka mwalimu wa baiolojia akamtoa nje kwa kumvuta sikio. Alifika nyumbani sikio jekundu, akatangaza kwamba kazi ameshaipata. Alihitimu chuo cha maabara Novemba 1978.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa katika chumba cha tishu, mwisho wa korido, baada ya chumba cha kufulia. Kipande kidogo cha mgonjwa kiliwekwa dawa, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa utando mwembamba kuliko unywele, kikalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Hapo ndipo daktari aliweza kusoma. "Ini lina nidhamu," aliwaambia wanafunzi. "Tazameni, seli zimepanga foleni kuelekea mshipa wa katikati. Bandama ni kituo cha ukaguzi. Damu inapita, chembe zilizochakaa zinakamatwa." Aliyechanganya viwili hivyo aliambiwa, "Mwanangu, kaanzie bucha."

Mei 1983 alikosea yeye. Aliandika majina ya wagonjwa wawili kwa kalamu ya wino badala ya penseli, na spiriti ya kuandalia vipande ikayafuta yote. Akabaki na vipande viwili vya ini, kimoja kizima, kimoja kibovu, na hajui kipi cha nani. Mwenzake alimnong'oneza, "Bahatisha tu, nani atajua?" Alivua koti, akaenda kwa daktari, kisha wodini. Mmoja wa wagonjwa alikuwa fundi cherehani.

"Kosa ni langu," alimwambia. "Inabidi uchomwe tena sindano ya kutoa kipande cha ini."

Fundi alifoka, weee! "Mimi nikiharibu suruali naikata upya. Wewe utanikata mara ngapi?"

Alikwenda kumjulia hali kila siku mpaka majibu yalipotoka. Ini la fundi lilikuwa zima. Mgonjwa wa pili, mama mtu mzima, alitibiwa ugonjwa wake halisi, akapona. Tarehe 20 Aprili 1985 Mama Vioo na fundi wake walifunga ndoa.

Alistaafu mwaka 2017. Oktoba 2022 alianza kuchoka, na macho yakawa manjano. Kipande cha ini lake kilichukuliwa, na majibu yalipotoka daktari aliwaita ndugu pembeni. Mdogo wake ndiye aliyeshauri aambiwe ni vidonda vya tumbo. Mume na watoto walikubali kwa shingo upande. Mgonjwa alisema, "Haya."

Tarehe 6 Desemba alimwomba mdogo wake ampeleke akawasalimie wenzake kazini. Kufika tu, akaketi mbele ya hadubini, akamwambia mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, "Niletee kioo changu." Alisoma muda mrefu. Mpangilio wa seli ulikuwa umevurugika kila upande.

"Nani amekata hii?"

"Mimi, mama," akajibu yule mwanamke, machozi yakimtoka.

"Umekata vizuri. Haina mkunjo hata mmoja." Kisha akageuka. "Mdogo wangu, vidonda vya tumbo haviko hivi. Nina miezi michache. Usinipotezee hata mmoja."

Dada hakupoteza. Alipatana na shemeji yake baada ya miaka tisa ya kutosemezana, akagawa kanga zake kwa mkono wake, akachagua hata picha iliyo kwenye jalada hili. Alifariki nyumbani tarehe 4 Aprili 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo wake.

Mdogo wake huyo alipewa miezi minne ya kuomba radhi. Kila siku alipeleka uji, akazungumza habari za mvua na za mpira, akaaga. Dada, aliyeogopa ule ugonjwa nilikuwa mimi, si wewe. Nilikudanganya. Nisamehe, dada yangu, na upumzike kwa amani.