Alizeti za Kiwanja cha Betri

Barazani kwa Kiponda muuza kahawa, mtaa wa Barani, Malindi, kahawa ni chungu lakini ubishi ni mtamu kupita halua. Asubuhi hiyo ya mwaka themanini na sita hoja ilikuwa kiwanja cha Athman. Sisi twamwita Betri, maana miaka na miaka alipasua betri kuukuu za magari hapo, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo, ya kutia kwenye nyavu zizame. Udongo ukaingia sumu, kuku wakafa. Bibi Idah wa kilimo akaja na udongo wa chini ya mivinje, wenye kuvu, vijiuzi vyeupe, akauchanganya na ule mbovu, kisha akapanda alizeti. Alisema kuvu hushikana na mizizi, ikausaidia mmea kuishi penye risasi na kuivuta. Lakini ni jaribio, mtu asipande chakula mpaka apime. Kisha akaenda kwao bara kujifungua. Betri hakungoja, na mie simlaumu sana: bintiye Tumu karudi na talaka na mtoto, ataka kulima mchicha aishi. Alizeti zilipokauka, Betri akazing'oa.

— Kiwanja changu safi, alitutangazia. Leo Tumu apanda.

— Safi namna gani? aliuliza Nahashon, fundi cherehani kutoka bara. Hiyo kuvu inakula risasi na haina meno?

— Haili, yakhe! Aliyejibu ni Msellem, twamwita Profesa, ingawa shule aliipitia nje akienda sokoni. Kuvu ni hamali. Yabeba risasi, yashusha mlangoni kwa mzizi, yarudi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na hamali halipwi?

— Hulipwa sukari na mmea. Bibi Idah kasema mwenyewe.

— Kumbe! Ndiyo maana dukani sukari haipatikani!

— Cheka tu, alisema Gona mvuvi. Vijiuzi vile vyatambaa chini kwa chini. Saa hizi viko Mambrui, vyanyonya misumari ya milango.

— Vitafika kwenye reli Mombasa, Nahashon akaongeza kwa hofu. Mimi nitaenda nyumbani na nini?

— Usihuzunike, Profesa akamtuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji gani atapona, na reli imeliwa?

Tulikuwa bado twacheka Tumu alipotokea, mtoto mgongoni, kikapu cha miche mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, nauliza kabla sijapanda. Sumu imetoka kwenye udongo, ikaingia kwenye alizeti. Hilo nimeelewa. Sasa hizo alizeti ziko wapi?

Profesa akakohoa. Betri akamtazama Kiponda.

— Mabua nilimpa huyu awashie jiko, akasema taratibu.

Sote tukaligeukia jiko. Birika lilikuwa likitokota juu yake.

— Mkaa ghali! Kiponda akajitetea. Na wallahi sikumdhulumu mtu. Majivu humrudishia mwenyewe. Kila jioni nayamwaga kiwanjani kwake, nikijua ni mbolea.

Methali ziliadimika. Tumu alikiweka kikapu chini, akamfunga mtoto vizuri zaidi mgongoni, macho yake kwa babake. Betri aliinama. Nilimwonea huruma, wallahi.

Kisha vikombe vikaanza kurudi kwenye sinia, kimoja kimoja, vimejaa.

— Kahawa ingalipo, Kiponda alisema.

— Imekwisha, akajibu Profesa.