Skrini ya Uongo

Katika treni ya Nanyuki, Phyllis alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake Griffins, kijana wa kompyuta, alikuwa akimweleza mama mfugaji kazi yake. "Programu zingine zinakataa kutoa majibu kama hazioni kuna skrini na mtu anayeisoma. Laibrari yetu, yaani msimbo tuliouandika ili wengine wautumie, inazipatia skrini ya uongo. Iwe kompyuta ya Windows, iwe ya Linux, zinaamini tu."

"Huo si udanganyifu?" mama akauliza, kama mtu wa kanisa.

"Na wewe, ndama akikufa, ng'ombe akatae kukamuliwa, mnafanyaje?"

"Tunajaza ngozi ya ndama nyasi, tunamwekea mama yake anuse, adhani ni mtoto wake."

"Si ni hiyo hiyo?"

Treni ikasimama Karatina. Mama akabeba kikapu chake, ametulia. "Na nani alikuambia ng'ombe hajui?"

Griffins akabaki akiitazama kompyuta yake kwa heshima mpya.